Fundi Anajibu: Kusubu Fedha kwa Mkono, Bila Mashine

Tangu safu hii ilipoeleza namna bangili za fedha zinavyofuliwa kwa nyundo, barua kadhaa kutoka Mwanza na miji mingine ya ukanda wa Ziwa zimeuliza jambo moja kwa namna mbalimbali: je, mtu asiye na mashine wala tanuri la umeme anaweza kujifunza kusubu (kuyeyusha metali na kuimimina katika kalibu, yaani chombo chenye umbo linalotakiwa) pete, hereni na vidani kwa njia za masonara wa zamani? Anaweza. Tumechagua barua zinazogusa mambo yanayowasumbua wengi, na tumezifupisha.

Fundi, shikamoo. Nina umri wa miaka 23, na nimejifunza kulehemu na kukarabati mikufu kwa sonara mmoja mjini. Sasa nataka kusubu pete zangu mwenyewe. Nimesoma kwamba njia rahisi ya kuanzia ni kumimina fedha ndani ya mfupa wa dome, yule mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi, lakini huku ziwani dome hatuna. Je, mfupa wa sangara unafaa? Na kama haufai, nianze na kalibu gani?
*Msomaji wa Nyegezi, Mwanza*

Marahaba, kijana. Mfupa wa sangara haufai hata kidogo, ingawa swali lako ni zuri kwa sababu linatulazimisha kutazama kwa nini dome anafaa. Kile tunachokiita mfupa wa dome ni gamba la ndani la chokaa, lililojengwa kwa matabaka membamba yenye nafasi za hewa kati yake, laini kiasi kwamba ukucha huacha alama, na lenye kustahimili joto kali kwa muda mfupi unaotosha fedha kuingia na kuganda. Mfupa wa samaki ni mgumu, una mafuta, haukandamiziki ukapokea umbo la pete, na ukikutana na metali iliyoyeyuka huungua na kutoa moshi mwingi ambao huisukuma metali hiyo nje.

Dome huishi katika maji ya chumvi tu, na magamba yake huokotwa ufukweni baada ya kutupwa na mawimbi. Ukiwa na ndugu Tanga, Dar es Salaam au Unguja, mwombe akuokotee, kwa kuwa mzigo wake ni mwepesi na hauharibiki njiani. Yakikufikia, chagua gamba nene, likate ncha zote mbili, ulipasue katikati kwa urefu, kisha usugue nyuso mbili za ndani juu ya msasa uliolazwa mezani mpaka zikutane bila mwanga kupenya. Weka pete ya mfano katikati na ukandamize nusu mbili kwa viganja, polepole, ukihisi gamba likiachia kidogo kidogo, hadi pete izame nusu huku na nusu kule. Toa pete, chonga mdomo wa kumiminia wenye umbo la faneli, chora mifereji myembamba ya kutolea hewa kutoka kwenye umbo kuelekea juu, rudisha nusu mbili mahali pake na uzifunge kwa waya. Unapomimina utasikia harufu ya nywele zilizoungua, na hiyo haina shida. Kalibu hutumika mara moja tu, lakini fedha hutoka ikiwa na mistari ya mawimbi ya matabaka ya gamba, na mafundi wengi huiacha kama pambo.

Hata hivyo, mimi ningekuwa Nyegezi nisingengoja dome. Upande wa pili wa ziwa, mahali paitwapo Tabaka katika kaunti ya Kisii nchini Kenya, huchimbwa jiwe laini ambalo wachongaji hulitumia kutengeneza vinyago na bakuli, na vipande vyake hufika hadi kwenye maduka ya vinyago ya huku kwetu. Jiwe la aina hiyo limetumika kama kalibu ya metali tangu zama za kale katika nchi nyingi, kwa sababu huchongeka kwa kisu na halipasuki kwa urahisi likipata joto. Tafuta vipande viwili, uvisawazishe vikutane, chonga umbo la kidani bapa au jani la hereni katika kipande kimoja na ukiache cha pili kikiwa bapa, kisha chonga mdomo na mifereji ya hewa. Kabla ya kumimina, lipashe jiwe moto taratibu pembeni mwa jiko mpaka unyevu wote utoke. Tofauti na dome, kalibu hii itakupa hereni ya kulia na ya kushoto zinazofanana, na itatumika tena na tena. Chonga jiwe likiwa limeloweshwa maji, kwa maana vumbi lake halifai kuingia mapafuni.

Njia ya tatu ni mchanga, na hapa usimwendee sonara. Waendee wanaosubu sufuria na vipuri vya alumini, ambao huujua mchanga kuliko masonara. Mchanga unaookotwa ufukweni mwa ziwa haushikani kwa sababu maji yameuosha udongo wote. Unahitaji mchanga laini sana wenye udongo wa mfinyanzi kiasi, uliochekechwa na kulowanishwa kwa kiasi kidogo tu cha maji, hivi kwamba ukiufinya mkononi unabaki na alama za vidole na ukiuvunja unakatika bila kumong'onyoka. Katika mafunzo ya kazi hii, kukaa na hao wasubu sufuria, ukiwasaidia kuchekecha na kutazama wanavyotenganisha fremu mbili zilizojazwa mchanga bila kuuangusha, kuna faida kubwa kuliko video nyingi. Kama nia yako ni kuunganisha usonara na vito, ulizia pia Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo Arusha.

Mwisho, usifanye mazoezi kwa risasi au bati kwa kudhani unaokoa gharama. Punje ndogo za metali hizo zikibaki kwenye tupa au kijungu chako (chombo cha kuyeyushia metali), zitatoboa pete ya fedha siku utakapoipasha moto. Fanya mazoezi kwa fedha yenyewe, maana kazi iliyoharibika hurudi kijunguni, na unachopoteza kila mara ni kidogo mno.

Ninatumia nta ya nyuki na udongo: naunda pete kwa nta, naifunika kwa udongo, nayeyusha nta itoke, kisha namimina fedha. Kalibu zangu nyingi hupasuka zikiwa motoni, na zile zisizopasuka hutoa pete nusu, yaani sehemu ya chini imejaa na ya juu haipo. Nimebadilisha udongo mara kadhaa bila mafanikio. Tatizo ni nini?
*Msomaji wa Bukoba*

Dada yangu, hayo ni maradhi mawili tofauti, na udongo unahusika na la kwanza tu.

Kalibu hupasuka kwa sababu ya maji yaliyobaki ndani yake au kwa sababu ya tabaka moja nene la udongo wenye mfinyanzi mwingi. Njia waliyoifuata wasubu wa Afrika Magharibi na wa India kwa karne nyingi ni ya matabaka. Tabaka la kwanza ni udongo laini uliochujwa kwa kitambaa na kuchanganywa na unga wa mkaa, ukiwa mwepesi kama uji, unaopakwa juu ya nta kwa brashi laini ili uingie katika kila mchoro bila kuacha povu. Likikauka, paka la pili la namna hiyohiyo. Baada ya hapo ndipo unapoweka udongo wa kawaida uliochanganywa na mavi makavu ya ng'ombe au pumba za mpunga. Vitu hivyo huungua motoni na kuacha vinjia vya hewa, na kwa vinjia hivyo mvuke na gesi hutoka bila kuvunja ukuta.

Kukausha ndiko kunakowashinda watu wa Bukoba kuliko wenzao wa Mwanza, kwa kuwa mvua kwenu ni nyingi na hewa ina unyevu. Usianike kalibu juani. Uso wake hukauka na kunywea upesi huku ndani kukiwa bado na maji, na nyufa huanzia hapo. Ianike kivulini penye upepo, na badala ya kukisia, ipime kwa mizani kila asubuhi. Uzito unapoacha kupungua, iko tayari kwenda motoni. Jambo hili si la uzuri wa kazi peke yake: maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700, na tone lililojificha chini ya fedha iliyoyeyuka linaweza kuirusha usoni mwako. Vaa miwani ya kukinga macho, viatu vilivyofunika mguu na nguo ya pamba, na mimina juu ya sinia la mchanga mkavu, kamwe si juu ya sakafu ya saruji, ambayo nayo huhifadhi maji.

Nta nayo huhitaji subira. Weka kalibu mdomo ukitazama chini, kwa moto mdogo, mpaka nta imwagike. Kisha uongeze moto hadi kalibu iwe nyekundu, na uiache hapo mpaka weusi wote kuzunguka mdomo utoweke. Weusi huo ni mabaki ya nta iliyoungua, na ukimimina fedha ukiwa bado upo, gesi yake itazuia fedha isiingie.

Sasa pete nusu. Mara nyingi sababu ni tatu, na huja pamoja: kalibu imepoa, njia ya kupitishia fedha ni nyembamba, na hakuna kitu kinachoisukuma. Fedha safi huyeyuka kwa nyuzijoto 962, na ile ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha kati ya 1,000 na nyingine za shaba, huanza kuganda ikiwa karibu na nyuzijoto 900. Ikigusa ukuta wa baridi katika sehemu nyembamba, huganda kabla ya kufika mwisho. Kwa hiyo mimina kalibu ikiwa bado ya moto kutoka jikoni, na njia yako ya nta iwe nene kuliko sehemu nene kuliko zote za pete, tena iunganishwe hapohapo penye unene.

Kuhusu msukumo, mafundi wasio na mashine hutumia mvuke wenyewe. Chukua kifuniko cha kopo, ukikaze kwenye mpini wa mti, ukijaze karatasi za gazeti zilizolowana na kukamuliwa, na mara tu fedha inapojaa katika mdomo wa kalibu, kandamiza kifuniko juu yake kwa mkono thabiti na ukishikilie hapo. Mvuke unaozaliwa hapo husukuma fedha chini kwa nguvu. Hapa ukuta wa kalibu unapaswa kuwa mzima na mdomo uwe sawa, kwa maana mvuke ukipata upenyo utatokea ubavuni. Waashanti wa Ghana walikuwa na njia nyingine ambayo ninaipenda zaidi kwa vitu vidogo: waliunganisha kijungu na kalibu kwa udongo vikawa kitu kimoja kilichozibwa, wakakipasha moto upande wa metali ukiwa chini, na metali ilipoyeyuka wakakigeuza. Metali huingia katika kalibu yenye joto linalokaribia lake, na kwa hiyo haigandi njiani.

Kiasi cha fedha usikikisie. Pima nta yote, pamoja na njia yake, kabla ya kuifunika kwa udongo, kisha uzidishe kwa 10.4 kwa fedha ya 925. Nta ya gramu 0.8 itahitaji gramu 8.3 za fedha, na juu ya hapo ongeza theluthi moja ya kubaki mdomoni ikiwa na uzito wa kusukuma.

Umetaja pia, katika sehemu ya barua tuliyoifupisha, kutaka kutumia plasta ya kupamba dari badala ya udongo. Ikiwa peke yake haihimili joto. Watu huichanganya na unga wa mchanga wa silika, ambao vumbi lake huharibu mapafu, na ikipita nyuzijoto 750 hivi huanza kutoa gesi ya salfa inayoitia fedha weusi. Baki na udongo.

Marehemu babu yangu aliniachia rupia za Mjerumani na shilingi za zamani zenye sura ya mfalme wa Waingereza. Mjukuu wangu, ambaye anajifunza usonara, anataka tuziyeyushe atengeneze bangili. Zina fedha kweli?
*Msomaji wa Ukerewe*

Mzee wangu, shikamoo. Zina fedha, lakini si kwa kiwango kimoja, na ningemwomba mjukuu aweke koleo chini kwanza.

Rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilifuata uzito wa rupia ya India, yaani gramu 11.66, ambao ni uzito uleule wa tola ambayo masonara wengi bado hupimia. Kati ya sehemu 1,000, sehemu 917 ni fedha, kwa hiyo rupia moja ina gramu 10.7 hivi za fedha halisi. Metali yake inasubika vizuri, na inakaribia sana ile ya 925. Shilingi za Afrika Mashariki za kuanzia 1921 hadi katikati ya miaka ya 1940 ni hadithi nyingine: zina sehemu 250 tu za fedha kati ya 1,000. Shilingi nzima ina uzito wa gramu 7.8 hivi, na fedha iliyomo haifiki gramu mbili. Ukiiyeyusha utapata metali ambayo hakuna mteja atakayeikubali kuwa fedha.

Masonara wa pwani waliyeyusha sana riale za Maria Theresa, zile zenye mwaka 1780 hata kama zilipigwa chapa miaka mingi baadaye, gramu 28 zenye fedha sehemu 833 kati ya 1,000. Walifanya hivyo kwa sababu riale ndiyo iliyokuwa fedha rahisi kupatikana sokoni. Mjukuu wako hana sababu hiyo. Mkusanyaji wa sarafu aghalabu atailipia rupia iliyo katika hali nzuri zaidi ya thamani ya fedha iliyomo ndani, na kwa malipo hayo kijana atanunua fedha safi na kubaki na chenji. Naomba pia msizisugue kwa ndimu wala majivu kabla ya kuzionyesha kwa mnunuzi, maana sarafu iliyong'arishwa hushuka thamani.

Ninaishi karibu na machimbo ya dhahabu, na kuna watu wanaoniuzia vipande vyeupe wakisema ni fedha iliyotoka pamoja na dhahabu. Bei yao ni nzuri. Niziyeyushe?
*Msomaji wa Sengerema*

Usiviyeyushe, na wala usivipashe moto ili kuvijaribu. Ni kweli kwamba dhahabu ya ukanda wetu hutoka ardhini ikiwa na fedha kiasi, lakini fedha hiyo imeungana na dhahabu na hutenganishwa kwa asidi na wasafishaji, haidondoki yenyewe ikiwa vipande vyeupe. Kitu cheupe, kizito, chenye kumong'onyoka kinachopatikana machimboni mara nyingi ni dhahabu au mabaki yaliyoshikwa na zebaki. Zebaki huchemka kwa nyuzijoto 357, muda mrefu kabla ya kitu chochote kuanza kuyeyuka kijunguni mwako, na mvuke wake hauonekani wala haunusiki. Umeingia nao ndani ya karakana, umeingia nao kwa watoto.

Tena kuna sheria: madini ghafi hununuliwa na mwenye leseni, na huuzwa katika masoko ya madini. Nunua fedha kwa sonara au kwa mfanyabiashara anayetoa risiti, au nunua mikufu na pete zilizokatika baada ya kuzipima. Ukipata fedha safi, tengeneza ya 925 wewe mwenyewe: kwa gramu 50 za fedha, weka gramu 4 za shaba ya waya wa umeme uliomenywa na kusuguliwa mpaka ung'ae.

Pete zangu zinajaa vizuri, ila nikizipiga msasa hutokea vitundu vidogovidogo, na baada ya kung'arisha hubaki kivuli cha rangi ya zambarau kisichotoka.
*Msomaji wa Igoma, Mwanza*

Vitundu ni hewa. Fedha iliyoyeyuka hunywa oksijeni kiasi cha mara 20 ya ujazo wake, na inapoganda huitema yote kwa ghafla. Wakati mwingine utaiona ikirusha vitone juu ya kijungu. Dawa yake ni kutoiacha wazi na kutoipasha moto kupita kiasi. Paka kijungu tinkali, ambayo baadhi ya maduka huiita boraksi, nyunyiza nyingine juu ya fedha, na uweke kipande kidogo cha mkaa kielee juu yake. Kama unatumia tochi ya gesi, tumia mwali laini usio na upepo mwingi, na usiuondoe juu ya fedha hata wakati wa kumimina.

Wakati wa kumimina hutambulika kwa macho. Mwanzoni fedha hukunjamana na kuwa na ngozi ya kijivu. Halafu ngozi hupasuka, vipande hukusanyika kuwa tone moja, na tone hilo hung'aa kama kioo na kuuzunguka mwali unapousogeza. Tikisa kijungu kidogo. Kama hakuna kinachong'ang'ania chini, hesabu pumzi mbili tatu na umimine kwa mkupuo mmoja, bila kusita. Wengi wenu huendelea kuchoma kwa hofu kwamba haijaiva, na katika dakika hiyo ya ziada ndipo oksijeni huingia.

Kivuli cha zambarau ni shaba iliyomo katika 925 ikiwa imeungua chini ya uso wa fedha. Msasa utakiondoa ukiwa na subira. Ili kipungue safari nyingine, acha pete ipoe mpaka wekundu utoweke kabla ya kuizamisha majini, kisha uichemshe katika maji yenye shabu, ileile ya kusafishia maji, ndani ya chombo cha shaba au cha kioo kinachovumilia moto. Itoe kwa kibano cha shaba au cha mti, kwa kuwa kibano cha chuma kikiingia humo pete itatoka na wekundu wa shaba.

Katika vyuma chakavu ninakusanya vinundu vya fedha vilivyobanduliwa kwenye swichi kubwa za umeme. Vinang'aa sana. Vinafaa kwa pete?
*Msomaji wa Mkolani, Mwanza*

Havifai. Vingi vya vinundu hivyo vimechanganywa na kadimiamu, ambayo mvuke wake unaweza kuua, na hakuna namna ya kuviyeyusha kwa usalama kwenye jiko la mkaa nyumbani. Lehemu za zamani za fedha zilizokaa miaka mingi dukani zinaweza kuwa na sumu hiyohiyo, kwa hiyo soma maandishi ya pakiti kabla ya kununua, na kama pakiti haipo, usinunue. Vinundu ulivyonavyo viuze kwa wanaonunua mabaki ya vifaa vya umeme, ukiwaambia ni vya nini.